Pembe ya Juu ya Paa

Kaveke huwapikia watu wa mjengo githeri ya mahindi na maharagwe huko Murera. Jiko lake halikuwa na paa. Juzi mvua ilizima moto, githeri yote ikamwagwa. Mvua ikirudi hivyo, wateja watahama.

Mume wake, Kaleli, aliamua kujenga paa. Mbao mbili zilikutana juu, ya tatu ikalala chini. Pale juu palihitaji chuma cha kuzishika. Alimpigia simu fundi wa vyuma wa Ruiru.

"Nikatie kona ya digrii tisini," alisema. Kaleli amejenga kuta miaka mingi, na kona ya ukuta ni tisini. Kona nyingine hakuijua, na kwa ubishi hakuna aliyemshinda.

Chuma kilipofika, alikibandika juu, akagonga kwa nguvu. Pa! Mbao ikapasuka, ikaanguka karibu na miguu ya Kaveke.

"Woi! Baba Mbinya, unataka kuniua?"

Jirani yao Wakonyo, mwalimu wa ngumbaru, darasa la watu wazima, alikuja mbio.

"Ngai! Nani ameumia?"

"Hakuna, mwalimu," Kaleli alisema. "Ni hiki chuma kimekataa."

"Pembe za chini ni digrii ngapi?"

"Thelathini huku, thelathini huku. Nimepima."

"Na ya juu?"

"Si ni kona? Tisini."

Wakonyo alichukua karatasi ya unga, akakata pembetatu. Akararua pembe zake tatu na kuzipanga, ncha pamoja. Chini zilifanya mstari ulionyooka.

"Hiyo umeichagua makusudi," Kaleli alisema. "Wacha nikate yangu."

Alikata nyembamba, iliyoinama upande. Akararua, akapanga. Mstari ulionyooka tena!

"Haiwezekani!"

"Zote ziko hivyo. Pembe tatu zikijumlishwa ni digrii mia moja themanini. Sasa, thelathini na thelathini?"

"Sitini."

"Toa hizo kutoka kwa mia moja themanini."

Kaleli alihesabu, akashika kichwa. "Mia moja ishirini! Na mimi niliitisha tisini!"

Walitafuta mbao nyingine, na fundi akakata kona ya mia moja ishirini. Chuma kipya kilikaa vizuri bila kulazimishwa, mabati yakapigiliwa.

Mvua ilipokuja, wateja walijazana jikoni, sahani mkononi. Moto uliwaka. Kaleli akasema, "Mama Mbinya, Jumatatu naenda ngumbaru. Nataka kujua ni mambo gani mengine nimekuwa nikibishana na watu bure."

"Woi!" Kaveke alisema. Mwiko ulimtoka mkononi.