Finjani ya Bwana Shannan

Asubuhi ile Mizna alikuwa akikaanga vitunguu. Binti yake Hissa alikuwa akipiga pasi baibui la kuendea chuoni, na chuo chenyewe hakijampokea. Chuo kilitaka kadi ya utambulisho, na kadi yake ilikuwa imekwisha muda. Ndiyo hali ya Bidun wa Kuwait: wamezaliwa hapo, babu zao wamezikwa hapo, uraia hawana.

Mara akaingia Bwana Shannan, dalali wa makaratasi. Dhari, mume wa Mizna, akamkaribisha na kummiminia kahawa. Shannan akaipokea finjani, akaiweka chini. Hakuionja.

"Kunywa, bwana."

"Sinywi mpaka unipe haja yangu."

"Umepewa," Dhari akajibu papo hapo. Mgeni akiweka kahawa chini, mwenyeji akakataa haja yake, ni aibu ya ukoo mzima.

"Haja ndogo tu. Tia sahihi hapa, wiki ijayo mna kadi. Usijichoshe kusoma, kwani wewe hakimu?"

Karatasi ilikuwa imekunjwa. Mstari wa sahihi tu ndio ulioonekana. Dhari akaita aletewe kalamu.

Jikoni alikuwepo jirani, Mama Barrak, amekuja kuomba chumvi. Yeye hufanya kazi ofisini kwa wakili.

"Kalamu ya nani?" akauliza.

"Ya kutilia sahihi karatasi ya Bwana Shannan," Mizna akajibu.

Chumvi ikamwagika. "Shannan? Kimbia, Mizna! Kaikunjue hiyo karatasi!"

Mizna akaingia sebuleni kitunguu kikiwa mkononi. Akainyakua karatasi, akasoma polepole, maana shule aliishia darasa la nne. "Nakiri... kwamba mimi na watoto wangu... ni raia wa..." Ikafuata nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga.

Akamgeukia mumewe. "Baba Hissa! Ulikuwa unawafuta watoto!"

"Sisi?" Dhari akatoa macho. "Baba yangu kalinda mpaka wa nchi hii miaka ishirini!"

"Maneno tu hayo," Shannan akacheka. "Siku hizi wake ndio wanaopokea wageni?"

Mama Barrak akasimama mlangoni. "Maneno tu? Kaka yangu alitia sahihi kwa finjani kama hiyo. Sasa anaitwa mgeni, anadaiwa kibali cha kuishi, na hiyo nchi nyingine haimjui. Huku hana, kule hana! Dhari, una haki ya kusoma kila neno. Una haki ya kudai nakala. Una haki ya kukataa. Chukua cheti cha hospitali alikozaliwa Hissa na karatasi za jeshi za baba yako, twende kwa wakili."

Dhari akamtazama Shannan, kisha mkewe. "Lakini nimeshatoa neno langu."

"Neno ulimpa mgeni," Mizna akasema. "Mgeni hafichi alichokuja nacho."

Dhari akaitazama ile kahawa. Ilikuwa imepoa. Akaichukua mwenyewe, akaenda kuimwaga nje ya kizingiti. Shannan akaondoka bila kuaga.

Wakili alizipokea karatasi zao. Baada ya miezi mitatu kadi ikatoka, na hakuna nchi ya uongo iliyoandikwa juu yake. Uraia bado wanaudai, lakini Hissa yuko chuoni.

Mizna hajasahau. Akikumbuka kalamu ilivyokuwa karibu, huisoma tena kila karatasi iliyomo nyumbani. Na siku hizi mgeni akiweka finjani chini, Dhari hutabasamu na kumwambia, "Sema kwanza, bwana. Na kama ni karatasi, ikunjue."