Nilipeleka Kichwa Changu Chuoni

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, mimi huuza mahamri na mbaazi nje ya nyumba yetu hapa Barani, Malindi. Jina langu ni Kahaso. Watu husema nina shaka nyingi, na ni kweli. Mteja akinipa noti ya elfu, naiangalia mara mbili. Akizisifu mbaazi zangu kupita kiasi, najua anataka kukopa.

Mume wangu, Mwaringa, hufanya kazi ya chumvi Marereni na hurudi Jumamosi. Binti yetu, Kache, alimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Tangu utotoni mikono yake haitulii ikiona nywele. Bwana mmoja aitwaye Menza alipotuletea karatasi za chuo cha urembo, Kache alifurahi mpaka akasahau kula.

Menza alikuwa mtu wa maneno matamu. Aliniamkia vizuri, akala mahamri yangu matatu, akalipa bila kungoja chenji. Hapo machale yakanicheza. Alisema Kache atajifunza nywele, kucha na kupamba maharusi kwa mwaka mmoja. Karo ni laki moja na elfu ishirini, lakini tusiwe na wasiwasi, kuna kampuni ya kutoa mkopo. Akimaliza, atapata elfu arobaini kwa mwezi. Kazi yetu sisi ni kutia sahihi na kuweka dhamana. Na dhamana waliyoitaka ilikuwa hati ya shamba letu la Vitengeni.

Shamba hilo ndilo analolima mama mkwe wangu. Mahindi tunayokula hutoka huko. Menza alisema nafasi zinaisha Jumamosi. Nikajiuliza, jambo jema kama hili lina haraka ya nini?

Jioni nilimwendea Bi Amal, jirani yangu mwenye saluni. Aliniuliza kama najua jumla ya pesa tutakazolipa. Sikujua. Akaniuliza kama najua msusi mgeni hupata ngapi. Nikasema elfu arobaini. Bi Amal alicheka mpaka mtandio ukamteleza.

Kisha akanieleza taratibu. Katika saluni yake, msusi hugawana na mwenye saluni nusu kwa nusu. Kichwa cha mia sita, msusi hupata mia tatu. Kabla ya Idi na mwezi wa Disemba wateja hujaa. Mchana wa Ramadhani viti hukaa wazi, na wageni wakiondoka, mji hupoa.

"Mama Kache, usiupime mkopo kwa mwezi mzuri," alisema. "Upime kwa mwezi mbaya. Mkopo haujui kama wateja wamekuja au hawakuja."

Lilikuwa neno la maana, lakini sikumwamini. Labda hakutaka msusi mwingine mtaani kwake. Nilipomweleza Kache, alilia. Alisema Bi Amal ana wivu, na mimi simtakii mema. Siku mbili hakunisemesha. Iliniuma sana, maana sikutaka kumzibia mwanangu riziki yake. Wala sikutaka mama mkwe wangu afukuzwe shambani uzeeni.

Basi nikaamua kuwashuku Menza na Bi Amal sawasawa. Alhamisi nilifunga biashara mapema, nikaenda kule chuoni mwenyewe. Sikusema mimi ni mzazi. Nilisema nataka kusukwa. Nikalipa mia nne mlangoni.

Alinisuka msichana aitwaye Charity, mwenye mikono myepesi. Kusukwa kulichukua saa tatu, na kwa saa tatu watu huzungumza. Nilimwuliza ile mia nne ni ya nani.

"Ni ya chuo, mama," alisema. "Sisi hatupati kitu. Wanasema tunajifunza."

Nikamwuliza anajifunza nini. Alisema ni kusuka tu. Yuko muhula wa pili na hajampamba mtu uso hata mara moja. Nywele za kufanyia mazoezi hujinunulia mwenyewe. Nikamwuliza kuhusu waliomaliza. Aliangalia mlangoni, akapunguza sauti. Rafiki yake Dena alimaliza mwaka jana. Ana kazi katika saluni na hupata kama elfu nane kwa mwezi. Mkopo wake hulipwa elfu tisa kwa mwezi, kwa miezi ishirini.

"Mama yake ameshauza mbuzi wote," alisema Charity.

Nilirudi nyumbani nikiwa na kichwa kizuri na moyo mzito. Nilipita kwa Bi Amal, nikamwomba radhi kwa yale niliyomdhania. Alisema hata yeye angeshuku. Akanielekeza kwenye chuo cha ufundi cha kaunti, ambako karo ni ndogo na mtihani ni wa serikali. Kache nilimweleza yote niliyoyasikia. Alisikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi Menza alikuja na kalamu. Mwaringa alikuwa ameshaitoa hati ndani ya sanduku la bati, maana hapendi kumwona binti yake akilia. Nilimwuliza Menza jambo moja tu. Mpaka shilingi ya mwisho, tutalipa ngapi? Alizunguka huku na huku. Mwishowe akasema ni elfu tisa tu kwa mwezi, miezi ishirini tu. Kache alitoa simu yake, akapiga hesabu. Ilikuwa laki moja na elfu themanini.

"Na Dena anapata ngapi?" Kache alimwuliza.

Menza alisema kila mtu na bahati yake. Kache akamrudishia kalamu. Mwaringa akairudisha hati sandukuni. Menza aliondoka bila kuaga. Siku hiyo hakununua mahamri.

Hata chuo cha kaunti sikukikubali hivi hivi. Tulikwenda mimi na Kache, tukaomba kuona cheti cha usajili. Tuliuliza nani hutunga mtihani. Tukawatafuta wasichana wawili waliomaliza, tukawauliza wanapata ngapi mwezi mbaya. Karo ya mwaka ilikuwa elfu kumi na tano. Tuliilipa kidogo kidogo kwa pesa za mahamri. Asubuhi Kache alisoma. Mchana alikwenda kwa Bi Amal kufagia, kuosha nywele za wateja, na baadaye kusuka.

Sasa amefaulu mtihani, na Bi Amal amempa kiti. Ramadhani iliyopita alipata elfu saba kwa mwezi mzima. Hazikuwa nyingi. Lakini hakukuwa na mtu aliyezingoja mlangoni. Alinunua unga, akaweka akiba kidogo, na nyingine akampelekea bibi yake Vitengeni, ambaye bado analima palepale.

Jumapili, Kache hunisuka barazani kwetu. Majuzi alipomaliza, nilimpa mia nne. Nikamwuliza swali lile lile nililomwuliza Charity. Pesa hii ni ya nani?

"Yangu, Mama," alisema. "Yote."

Nikajipapasa kichwa kutoka mbele mpaka kisogoni, nikitafuta kosa. Sikuliona.