Harufu ya Petroli

Wa kwanza kucheka alikuwa Zahoro mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa hamsini na sita, sokoni Kariakoo, naye kasimama kati ya matenga na mikokoteni na kifurushi cha bamia mkononi. Pikipiki ikaja ikikohoa kutoka upande wa Msimbazi. Juu yake kakaa mwanamke. Buibui kalikusanya kiunoni kwa kibwebwe, chini kavaa suruali ya kaki ya kiume, na usoni miwani mikubwa ya kukinga vumbi, kama macho ya chura.

"Lahaula! Mwanamke huyo!" akapiga kelele muuza nazi.

"Mumewe hana haya," akasema Zahoro, akacheka mpaka bamia zikamponyoka.

Pikipiki ikasimama mbele yake. Mwanamke akavua miwani.

"Bwana Zahoro, hizo bamia ni za leo au za jana?"

Alikuwa Siwema, mkewe kwa miaka mitatu.

Watu wakaanza kucheka upya, safari hii wakimcheka yeye. Lakini kilichomrudisha nyuma hatua mbili hakikuwa kicheko chao. Ilikuwa harufu ya petroli.

Siwema alikuwa mkunga wa kliniki ya wazazi, na wanawake aliowazalisha walitawanyika Ilala, Magomeni, hadi mabondeni. Mwezi uliopita alimzalisha Ila, mke wa Kantilal, fundi wa baiskeli na pikipiki, akamtoa salama yeye na watoto wake pacha. Kantilal kwa furaha alimpa pikipiki kuukuu aliyoifufua mwenyewe, akamfundisha kuiendesha alasiri, kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja. Siwema alimficha mumewe habari hiyo kwa sababu alimjua alivyoogopa pikipiki.

Zahoro alikuwa dresa, kazi yake kufunga vidonda katika chumba cha majeruhi. Miezi sita nyuma aliletewa karani mmoja, Polycarp, aliyegongana na lori la katani akiwa juu ya pikipiki. Tangi lilimpasukia mapajani. Kwa saa mbili Zahoro alimtoa changarawe, moja moja, kwa koleo, na damu na petroli zikawa harufu moja. Adhuhuri Polycarp alikufa. Tangu siku hiyo petroli ikimpita Zahoro puani, mate humjaa kinywani kama mtu aliyemeza nzi, na nyama ya ng'ombe hakuila tena.

"Mahabuba wangu," alimwambia jioni ile, "watu hao ninawashona mimi. Sitaki kukushona wewe."

"Na mimi ndiye ninayefika nikakuta mtoto keshakufa," akajibu Siwema. "Juzi Magomeni nimekuta wanachemsha maji, nikadhani ya kunisaidia. Kumbe ya kuoshea maiti. Hilo halikutii kinyaa?"

"Mashine ile itakuua."

"Kutembea kwangu kwa miguu kunawaua wanawake wenzangu." Kisha akalegeza sauti, akamsogelea kwa mwendo wake wa maringo. "Haya, dresa wangu. Mtu mzima anaogopa mafuta? Nimejifukiza udi, nimebadili kanga. Nibusu."

Zahoro akajaribu, Mungu ni shahidi. Alimpenda mwanamke huyu kuliko pumzi. Lakini chini ya udi, kwenye mizizi ya nywele, petroli ilikuwa bado iko. Akakimbilia uani, akatapika mpaka nyongo. Aliporudi alimkuta Siwema amehamishia mto wake chumba cha pili.

"Sikujua kama nimefika kukutapisha," alisema bila kumtazama.

"Siwema, si wewe..."

"Nimesikia kwa masikio yangu."

Akafunga mlango.

Jumatatu alfajiri Zahoro alifungua plagi inayowasha injini ya pikipiki, akaitia mfukoni. Siku mbili tatu tu, alijiambia. Atachoka, atarudi kwenye miguu yake, na mimi nitarudi kwenye kitanda changu.

Saa tisa alasiri simu ya hospitali ikalia, akaipokea yeye.

"Zahoro? Mimi Siwema. Niko dukani kwa Kantilal." Alikuwa akihema. "Naleta mzazi kutoka bondeni. Anaitwa Tatu, mke wa Ramadhan mchukuzi wa bandarini. Mtoto amekwama, na damu haikatiki. Kantilal anatoa gari. Mwambie daktari ajitayarishe."

"Ulichelewa kufika?"

"Pikipiki imegoma. Nimekwenda kwa miguu, nikikimbia. Nimekuta watu wamemkalia tumbo kumsukuma mtoto. Zahoro, tayarisha!"

Akatayarisha. Alilishika beseni daktari alipokuwa akifanya kazi, na beseni lilijaa likamwagwa, likajaa tena. Mtoto alitoka wa buluu, kimya. Siwema akaweka mdomo wake juu ya pua ile ndogo, akafyonza ute na damu, akatema, akafyonza tena. Hakukunja hata uso. Mara ya tatu mtoto akalia. Tatu naye akaponea kwenye tundu la sindano.

Huko nje Ramadhan, jitu la mabega mapana, aliudaka mkono wa Zahoro akaubusu huku machozi yakimtiririka.

"Mungu akulipe, dresa. Wewe na mkeo mmenirudishia watu wangu."

Midomo ile ilikuwa na joto na unyevu. Zahoro alikwenda kunawa mkono, akanawa mara ya pili, akausugua kwa dawa ya kuoshea sakafu mpaka ngozi ikachubuka. Haikusaidia. Kilichomchefua hakikuwa kwenye ngozi.

Alimkuta Siwema akifua kanga yake kwenye bomba la nyuma. Akatoa plagi, akaishika kiganjani.

Siwema aliitazama, akamtazama yeye.

"Siku zote nilidhani kinyaa ni cha kwako peke yako," alisema taratibu. "Ondoka mbele yangu, Zahoro, nisije nikatapika mimi."

Akaichukua plagi, na siku ile akahamia kwa shangazi yake mtaa wa Gerezani, na pikipiki yake.

Siku nane Zahoro alikula mkate mkavu. Ya tisa akaenda dukani kwa Kantilal, akaomba simu.

"Kliniki ya wazazi," sauti ikaitika.

"Ni mimi."

"Unaumwa?" Siwema akauliza.

"Ndiyo."

"Wapi?"

"Kila mahali, laazizi."

"Usiniite laazizi." Lakini hakukata simu. "Umemwambia Ramadhan?"

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

"Siwema, atanivunja shingo!"

"Huenda. Mimi siwezi kulala na mtu anayeombewa dua kwa uongo. Tatu yuko nyumbani tangu juzi. Nakwenda kumwangalia leo saa kumi."

Kantilal, aliyejifanya anapanga nati, akasema bila kugeuka, "Nenda, bwana. Mke kama huyo humpati mara ya pili."

Saa kumi na nusu Zahoro alisimama mlangoni kwa Ramadhan, kanzu nyeupe, kofia mkononi. Akasema yote, bila kupunguza: plagi, mfuko, asubuhi ile. Ndani mtoto alikuwa ananyonya kwa pupa. Ramadhan alisikiliza hadi mwisho. Hakuinua mkono. Alikusanya mate, akamtemea kifuani, kisha akaufunga mlango polepole, kama mtu anayefunika kitu kinachonuka.

Siwema alikuwa njiani, amekaa juu ya pikipiki, kazi yake keshaimaliza. Aliyaona mate yakiteremka juu ya kanzu.

"Amekutemea?"

"Amenitemea."

"Mbona hujayafuta?"

"Ni haki yake."

Siwema akashuka. Akashika pindo la kanga yake, akamfuta kifua, akafuta tena mpaka pakakauka. Mkono wake ulinuka petroli, na mate yakamjaa Zahoro kinywani. Akayameza.

"Nikiwa juu ya hii, utakuwa na hofu siku zote," Siwema akasema.

"Siku zote. Hofu siwezi kuitoa. Lakini sitaigusa tena mashine yako."

Siwema akapanda, akaikanyaga ikawaka. Akasogea mbele kidogo juu ya kiti, nafasi ikabaki nyuma yake.

"Panda, mume wangu. Funga macho ukitaka. Lakini nishike kwa nguvu, maana mimi siendi polepole."