Kitenge Nyuma ya Noela

Walikutana stendi ya Kahama asubuhi, katikati ya wapiga debe na wauza mchele. Noela, ndani ya sketi mpya ya kitenge chenye maua makubwa, aligeuka ghafla akamgonga kijana aliyening'iniza kamera kuukuu shingoni.

"Hiyo umerithi kwa babu?" alimcheka.

"Kwa baba. Na inaona kuliko simu yako, mrembo."

"Simu yangu inaona mpaka vinyweleo!"

Kijana huyo, Deusdedit, alipiga picha za harusi kwa kamera ya kidijitali kama wenzake. Ila mikanda ya kamera ya baba yake aliisafisha mwenyewe, kwenye chumba cha giza. Haukupita muda wakawa wanaitana "mpenzi". Alipouliza posa aipeleke kwa nani, Noela alijibu bila kupepesa macho, "Kwa shangazi. Mama alishafariki."

Mama yake, Apolonia, alikuwa machimboni Segese, akiponda mawe ya dhahabu.

Deus akapata kazi ya harusi huko huko Segese, akamchukua mpenzi wake. Walipopita penye karasha, mashine ya kusaga mawe, Deus alisimama. "Ubishi wetu tuumalizie hapa. Simama, nikupige kwa simu yako na kwa kamera hii."

Angekataa kwa sababu gani? Alisimama. Nyuma yake wanawake walikuwa wamekaa vumbini na nyundo zao.

"Shikamooni, mama zangu!" Deus aliwaamkia.

"Marahaba, baba."

Noela aliangalia kucha zake. Mwanamke mmoja alimtazama, kisha akainamia jiwe lake.

Wiki iliyofuata Deus alizikuza picha zote mbili sawasawa, akaziweka mezani.

"Ya simu imekutoa laini, sikatai. Lakini tazama nyuma. Wale mama wamekuwa uji, hawana hata nyuso. Ya mkanda ina chembechembe, ila kila mtu yupo." Kidole chake kikasimama. "Huyu mbona amejifunga kitenge chako?"

"Vitenge vimejaa sokoni."

"Na sura yako nayo imejaa sokoni?"

Doti ile ya kitenge aliinunua mama yake. Aliikata katikati, akampa binti kipande kisicho na doa. Noela alinyakua pochi akaondoka. Simu ya Deus aliiacha iite na kuita, mpaka jioni moja akapokea.

"Unadhani nimechukia kwa kuwa mama yako anaponda mawe, mpenzi?"

"Si ndiyo hivyo?"

"Mama yako nilimwamkia mimi. Wewe hukumwamkia."



Kesho yake Noela alikuwa Segese, katikati ya wanawake wote, amepiga magoti vumbini na sketi ile ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nyundo haikusimama.

"Mama, yule kijana... nilimwambia umekufa."

Sasa nyundo ilisimama. Wenzake wakajifanya hawasikii.

"Nilijua siku ile," Apolonia alisema. "Mtu hampiti mama yake namna ile kama hajamzika."

Noela alilia bila kujificha. Mama alimwacha alie, kisha akajifuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

"Posa inakuja lini?"

"Sijui kama bado anakuja. Kamera yake ilikuona, akajua nimemdanganya."

"Mpigie. Mwambie mama mtu yupo hai, na aje na kamera ile inayoona."

Deus alikuja na posa na kamera. Apolonia alikaa kwenye kiti, mbele. Noela, bila kuambiwa, alikwenda kusimama nyuma yake.