Uzi Wenye Mafundo Saba

Tunu ana miaka saba. Anaishi na Shangazi Mboni, nyuma ya shule.

Leo nesi amekuja darasani. Ameleta utepe wa kupimia. Anataka kujua watoto wanakuaje.

Anapima mikono. Anapima viuno.
Srrr, zungusha. Srrr, soma.

"Chausiku, hamsini na mbili!"
Srrr, zungusha. Srrr, soma.
"Shomari, hamsini na moja!"

Sasa ni zamu ya Tunu.
Srrr, zungusha. Srrr, soma.
"Tunu, sitini na nne!"

"Utepe utakwisha!" anasema Shomari. "Nesi, ongeza kamba!"
Darasa zima linacheka.

Wakati wa mapumziko, wasichana wanaruka kamba. Pa, pa, pa.
Tunu anasimama ukutani. Hakuna anayemwita.

Kengele inalia. Ngo, ngo, ngo.
Tunu bado yuko ukutani, peke yake.

Jioni, Shangazi anapakua wali na maharage.
Tunu anasukuma sahani. "Sili, Shangazi. Nataka kiuno changu kipungue."

"Nani kakwambia hivyo, mama?"
Tunu anamsimulia yote. Chozi linadondoka mezani. To.

Shangazi anainuka. Anashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati.
Kwaa! Kifuniko kinafunguka.

Ndani hamna biskuti. Mna nyuzi nyeusi.

"Kwetu, mtoto hufungwa uzi kiunoni," anasema Shangazi. "Ukimbana, anafungwa mwingine. Bibi yako alitunza zote. Fundo moja, mwaka mmoja."

Tunu anachukua uzi mmoja. Anahesabu mafundo. Yako saba.
"Huu ulikuwa wa nani?"
"Jaribu kwanza."

Srrr, zungusha.
Ncha inagusa ncha. Hauzidi. Haupungui.

"Ulikuwa wangu," anasema Shangazi.

Tunu anamtazama. "Na wewe walikucheka?"
"Walinicheka sana. Nikaenda kusimama ukutani."
"Peke yako?"
"Peke yangu."

Tunu anasogea karibu. Anavuta sahani yake.
"Nesi akija tena, nitamwambia anisomee namba yangu sikioni."
"Mwambie, mama. Nami nitakusindikiza."

Wanakula pamoja, mpaka sahani zinang'aa.

Sasa Tunu yuko kitandani. Uzi uko mkononi mwake. Taa inazimwa. Ti.

"Shangazi?"
"Naam, mama."
"Kumbe pale ukutani tuko wawili."
"Wawili," anasema Shangazi.

Na Tunu analala.