Mbeleko ya Nyemo

Kwa mujibu wa ratiba, saa saba mchana maumivu ya Nyemo yalikuwa Kondoa, kwa binamu yake fundi cherehani. Nyemo mwenyewe alikuwa kitandani Dodoma, anakunywa uji wa ulezi na kucheka. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu amalize mzunguko wa tatu wa dawa za saratani ya damu, na kinywa chake kilijaa vidonda ambavyo zamani vingemliza mtu kwa kumeza mate tu. Yeye aliomba aongezewe sukari.

Mama yake, mhandisi Damari Chipanha, alikaa pembeni akimtazama kwa fahari ambayo hakujaribu kuificha. Kifaa kile alikibuni yeye. Kwenye makaratasi kiliitwa kihamishamaumivu, lakini mji mzima ulikiita mbeleko, maana kazi yake ilikuwa kubeba mtoto. Ukanda mwembamba wa shaba, uliobandikwa kwenye kisogo cha mgonjwa, ulinasa taarifa za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo na kuzituma hadi kwenye bangili ya mbebaji, popote alipo. Mbebaji aliyasikia maumivu hayo mahali palepale kwenye mwili wake, ingawa mwili wake ulikuwa mzima. Mgonjwa hakusikia kitu.

Ukoo ulilipokea jambo hilo kama unavyopokea harusi na msiba: ukaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa Yaredi, kaka mkubwa wa Damari, mkulima wa zabibu wa Hombolo, mtu wa maneno machache. Watu ishirini na wawili waliahidi kubeba kwa zamu za saa mbilimbili. Ni Damari tu ambaye hakuruhusiwa, kwa kuwa sheria ilimtaka anayemuuguza mgonjwa awe na akili zake timamu.

Saa saba na nusu roboti muuguzi alisimama kando ya kitanda, akapima joto la Nyemo na kukuta nyuzi thelathini na nane na nusu. Akapima tena. Kisha akamwita daktari.

Daktari Ruwaida alikuja mbiombio. Hakumficha Damari kitu. Dawa za saratani zilikuwa zimemaliza karibu chembe zote nyeupe za damu ya Nyemo, kwa hiyo maambukizi yoyote yangeweza kumuua kabla jua halijazama. Mwili usio na chembe hizo hautoi usaha wala hauvimbi, unapandisha joto tu, na joto halisemi ugonjwa umekaa wapi. Walimwekea haraka dawa kali ya kuua vimelea. Kifua kikapigwa picha, kikaonekana kisafi. Presha ikaanza kushuka. Daktari akamminya tumbo taratibu.

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, daktari. Niko sawa kabisa."

Daktari Ruwaida aliondoa mikono yake, akabaki ameitazama. "Mgonjwa ndiye huwa ananielekeza," alisema. "Wewe mwanangu huna cha kunielekezea."

Damari alielewa. Maumivu yalikuwa yamesema, ila hayakusema kwa Nyemo. Alitoka nje ya chumba akampigia binamu wa Kondoa. Binamu alijibu kwa haraka isiyo ya kawaida kwamba hakuna neno, ni yaleyale tu, na akampa pole ya kuuguza. Akampigia wa Manyoni, kisha wa Mpwapwa. Nao wakajibu hivyohivyo, kama waliokubaliana.

Hapo ndipo alipokumbuka alichokifanya. Bangili za kwanza zilikuwa zikimuuliza mbebaji kila saa anaumia wapi, na jibu lilikwenda moja kwa moja kwa daktari. Ndugu walichukia. Mama yake mkubwa alimwambia usoni kwamba kumbeba mtoto wa mwenzio huku ukitangaza uzito wake ni kumsimanga. Damari alicheka, akaliondoa swali lile kwenye bangili zote. Kwenye mkutano wa wahandisi alijisifu kwamba kifaa chake kina adabu.

Akampigia Yaredi. Simu iliita muda mrefu, na sauti iliyopokea ilikuwa ya mtu anayehema.

"Kaka, unasikia nini?"

"Kazi ya kawaida. Mtoto hajambo?"

"Kaka, usinistahi. Mtoto ananifia, na sijui ugonjwa uko wapi."

Damari alimsikia Yaredi akikaa chini kwa taabu. "Tumbo," alisema. "Chini, upande wa kulia. Tangu jana asubuhi, na linazidi."

Maelezo yalimtoka kidogo kidogo. Watu sita walikuwa wameomba udhuru tangu jana, kila mmoja akitoa sababu yake, na hakuna hata mmoja aliyetaja tumbo. Yeye kama mwenyekiti alizihamishia zamu zao zote kwenye bangili yake kimyakimya, ya binamu wa Kondoa ikiwemo, ili dada yake asijue kwamba ndugu wanarudi nyuma. Alidhani tumbo lile ni uzee wake.

Damari alirudi chumbani mbio. Daktari alipolisikia neno tumbo, alimnyang'anya Nyemo kikombe cha uji. Alieleza kwamba utumbo ukishambuliwa na vimelea wakati kama huu unaweza kutoboka, na ukitoboka ni upasuaji papo hapo. Chumba cha picha kilikuwa na mgonjwa, hadi dakika arobaini zijazo. Njia ya haraka ilikuwa ile ya zamani: kuliminya tumbo, kuliachia ghafla, na kuusoma uso wa mgonjwa. Lakini uso wa Nyemo haukuwa na cha kusomwa.

"Mama, zima," alisema Nyemo.

Damari alishika swichi asiweze kuibonyeza. Miaka minne aliifanya kazi ile ili siku moja mtoto, wa kwake au wa mwingine, asipitie hiki kinachotaka kuja.

"Zima, mama. Tumbo ni langu."

Akazima.

Nyemo alipiga ukelele mmoja, kisha akakosa pumzi ya kupiga wa pili. Vyote vilimrudia kwa pamoja, vidonda vya mdomo, nyayo zinazowaka, na lile tumbo. Daktari aliminya, akaachia, na mkono wa Nyemo ukamkamata kiganja palepale, chini upande wa kulia.

"Upasuaji," alisema Daktari Ruwaida. "Mbeleko ibaki imezimwa mpaka alazwe kwa dawa ya usingizi. Nahitaji kujua tumbo likibadilika."

Zilikuwa dakika saba za kusubiri. Damari, aliyebuni kifaa cha kusifiwa nchi nzima, hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kumfuta mwanawe jasho na kumshika.

"Mama, inauma."

"Najua."

"Hujui."

Ilikuwa kweli. Damari alilia, akaendelea kufuta.

Madaktari waliondoa kipande cha utumbo chenye urefu wa shibiri moja, kilichokuwa kimebakiza kidogo kutoboka. Joto lilishuka siku ya tatu. Siku ya tano Yaredi alifika kutoka Hombolo akiwa na kikapu cha zabibu, na roboti muuguzi akamnyang'anya mlangoni kwa ajili ya usalama wa wagonjwa. Aliingia mikono mitupu, anaona haya.

Nyemo alikuwa hajavaa mbeleko tangu siku ile. Alikuwa ametoa sharti lake: ataivaa, lakini mbebaji akae mbele yake na aseme. Kamati ilijadili sharti hilo siku mbili nzima kabla mwenyekiti hajajitolea kuanza.

Damari aliwasha. Uso wa Nyemo ukalegea. Yaredi alikaa wima kwenye kiti, mikono magotini, akatazama ukutani.

"Mjomba," Nyemo alisema. "Sema."

Yaredi alimeza mate, akajuta. "Mdomoni," alisema mwishowe. "Kushoto, chini ya ulimi. Inauma, mama. Inauma sana."

"Pole, mjomba," alisema Nyemo. Akamsogezea kikombe chake cha maji ya chumvi asukutue, ingawa kinywa chenye vidonda kilikuwa chake yeye. Yaredi alikipokea kwa mikono miwili, akasukutua.