Kibuyu Namba Saba

Kila asubuhi, kabla sijaenda shule, nilipima mursik. Shangazi yangu Nelvine anasomea shahada ya uzamifu, ile ya juu kabisa, na utafiti wake ni kuhusu mursik hiyo, maziwa yetu ya kibuyu: yakichacha, viini vya magonjwa hufa siku ya ngapi? Vibuyu ishirini vilipangwa jikoni kwa Kogo, yaani nyanya yangu, hapa Sosiot. Mimi nilichovya karatasi ya kupimia uchachu, nikaandika namba daftarini. Wenzangu darasani waliniita Profesa Maziwa, na kichwa kilinivimba kweli.

Mwezi jana shangazi alikwenda Nairobi siku tatu kumwona msimamizi wake.

"Chemutai, vibuyu nimekuachia wewe," aliniambia. "Mtu asiviguse."

Jumatano nilirudi kutoka shule nikakuta kibuyu namba saba kimebaki matone ya mwisho tu. Kogo alikuwa amepata wageni wa kanisa.

"Kogo, hiki kilikuwa cha utafiti," nikalalamika.

"Na wale walikuwa wageni," alinijibu bila wasiwasi. "Tangu lini mgeni akaondoka kwangu bila mursik?"

Basi mimi na ujanja wangu wa kijinga nikakijaza kibuyu maziwa ya jioni hiyo, nikaandika namba ileile ya uchachu ya jana. Nani angejua?

Shangazi aliporudi alichukua maziwa kidogo kutoka kila kibuyu, akayapeleka maabara. Wiki iliyofuata alikuja amekunja uso, macho mekundu.

"Vibuyu kumi na tisa, viini vimekufa," alimwambia Kogo. "Namba saba, viko hai, na daftarini uchachu ni uleule. Sielewi. Huenda nimekosea tangu mwanzo. Itabidi nirudie kila kitu, mwaka mzima."

Nikinyamaza, shangazi atapoteza mwaka. Nikisema, hataniamini tena. Nilitazama chini, nikasema yote.

Shangazi alinitazama, akamtazama Kogo. Halafu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe wageni wa kanisa wamekunywa namba saba yangu," akasema. Hata Kogo alicheka, ingawa aliona haya kidogo.

Kisha shangazi akanivuta karibu, na sasa hakuwa akicheka.

"Chemu, mwaka wa kwanza nilisoma tu. Wa pili nilitetea pendekezo langu mbele ya maprofesa, wakanirudisha mara mbili. Nililia, nikarekebisha. Makosa ni sehemu ya njia hii. Kibuyu kikinywewa, naandika kimenywewa, kazi inaendelea. Lakini namba ya kubuni inaweza kumfanya daktari amwambie mama kwamba maziwa ni salama, kumbe mtoto wake ataugua. Utafiti unavumilia hasara, mwanangu. Uongo hauuvumilii."

Akanipa kalamu. Nilikata namba yangu ya uongo, nikaandika kando yake: "Wageni walikunywa. Namba hii niliibuni mimi, Chemutai."

Nilimrudishia daftari. Hakulipokea.

"Kaa nalo," akasema. "Kundi jipya la vibuyu linaanza kesho, na mpimaji ni wewe."